Kijiko cha Mfuto

3 Februari

Kwa dada yangu,

Shikamoo dada. Hujambo? Kifua chako kimetulia, au bado kinakusumbua baridi ikianza? Mimi ni mzima, ila mgongo, na huo ni wa kuinua masufuria, wala haujaanza leo.

Najua umeuona mwandiko huu ukajiuliza kama ni mimi kweli. Miaka minne sijaandika. Simu zangu hupokei na sikulaumu, na huku kambini mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo nampa barua dereva wa gari la maji. Tunapikia watu mia na arobaini wanaojenga barabara. Mpishi mkuu ni mtu mwema lakini mnene, na wiki iliyopita alipanda juu ya mizani ya jikoni ili ajue amenenepa kiasi gani. Hakujua, na sasa hakuna atakayejua, maana mizani imekufa. Nyingine imeagizwa, na ukisikia kambini wamesema kitu kimeagizwa, ujue ni sawa na kusema hakipo.

Shida ni kwamba karatasi ya mapishi iliyobandikwa ukutani imeandikwa kwa gramu tupu. Chumvi 360, pilipili manga 70, manjano 90, giligilani 100. Mimi nina kijiko kikubwa cha plastiki kilichochorwa 15 kwenye mpini. Nikasema basi, kijiko ni gramu kumi na tano, nikagawa kila kitu kwa kumi na tano. Chumvi vijiko ishirini na vinne, giligilani vijiko saba, na kadhalika, vyote vimejaa. Dada, chumvi ilikuwa inauma ulimi na viungo havikusikika kabisa. Watu mia na arobaini waligonga sahani kwa vijiko mpaka msimamizi akatoka ofisini. Ameniambia ikitokea tena nifunge mizigo yangu.

Wewe unauza viungo sokoni kila siku. Nisaidie. Kijiko kimoja ni gramu ngapi?

Mdogo wako


19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Kifua kipo.

Nakujibu kwa ajili ya hao watu mia na arobaini ambao hawana kosa.

Hiyo 15 kwenye mpini si gramu. Ni ujazo, ni nafasi iliyomo ndani ya kijiko. Ukijaza maji utapata gramu kumi na tano. Ukijaza kitu kingine, utapata uzito wa kitu hicho. Kijiko hakina uzito mmoja, kama vile gunia halina uzito mmoja: la mkaa utalibeba, la mchanga litakulaza chini. Hili hata anayefungasha karanga analijua.

Kijiko chako kikubwa, cha mfuto, kinabeba hivi. Chumvi ya unga, gramu 18. Pilipili manga iliyosagwa, 7. Manjano, 9. Giligilani iliyosagwa, 5 tu, maana ni nyepesi. Kwa hiyo karatasi yako ni chumvi vijiko 20, pilipili manga 10, manjano 10, giligilani 20.

Cha mfuto maana yake umechota, kisha umepitisha mgongo wa kisu juu yake hadi kikawa sawa na ukingo. Ukiacha kilima, hesabu yangu yote ni bure. Usishindilie manjano kwa kidole. Kijiko kiwe kikavu. Kama chumvi yako ni ya mawe, isage kwanza, maana chenga zinaacha nafasi katikati na utapata pungufu.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Shikamoo tena, na asante mara ishirini, moja kwa kila kijiko cha giligilani.

Wamekula. Fundi wa greda, ambaye huwa haongei na mtu, alirudi na sahani akaninyooshea. Huku kwetu kambini hiyo ni hotuba. Msimamizi naye alikula amesimama mlangoni, akafuta mdomo, akaondoka. Sifungi mizigo.

Nimeibandika barua yako ukutani, ile sehemu ya vipimo. Sehemu ya hao watu ambao hawana kosa nimeikunja kwa nyuma. Nimekubali, dada. Kosa ni langu na nalijua.

Lakini nina swali. Wewe na mama hamkuwahi kupima kitu. Mama alikuwa anachota kwa kiganja, nawe ulikuwa unachota kama yeye, unanusa, unaongeza, unanusa tena, mpaka unafumba macho kwa raha. Siku mnunuzi alipokuuliza kipimo ulimwambia kipimo ni pua. Leo umejua giligilani ni gramu tano na manjano tisa. Tangu lini?

Huku ni pakavu. Jioni watu wanakaa kwenye vitanda vyao wanatazama picha za watoto wao. Mimi natazama ukuta.

Mdogo wako


27 Machi

Mdogo wangu,

Nimekaa na swali lako wiki tatu. Nilikuwa nimeshaandika kwamba hayakuhusu, halafu nikaichana karatasi, maana nimechoka kuwa peke yangu na jambo hili.

Sina pua. Miaka miwili iliyopita niliugua mafua na homa, siku tisa kitandani. Nilipoamka nikachemsha chai ya karafuu, nikainywa, nikaona maji ya moto. Nikafungua kopo la karafuu nikaingiza pua yote ndani. Hakuna kitu. Nikadhani harufu zitarudi. Daktari alisema huenda zikarudi. Hazijarudi. Ulimini nasikia chumvi, sukari, ukali na uchungu, basi. Vingine vyote ni kama kutafuna kitambaa.

Muuza viungo asiye na pua, hebu fikiria. Ningesema, nani angenunua kwangu? Nilinunua mizani ndogo, nikafunga mlango, nikaanza kuchota kwa kiganja vile nilivyozoea, kiganja kimoja kwenye mizani, kingine kwenye kijiko, naandika. Mkono ulikuwa bado unakumbuka, nikataka kuupima kabla haujasahau. Giligilani kiganja gramu kumi na nane. Binzari nyembamba kiganja kisichojaa. Nilijaza daftari zima. Tangu hapo nachanganya kwa daftari, na mbele ya wateja nanusa kwa kuigiza, nafumba macho kwa raha, hata mimi mwenyewe najionea aibu.

Hakuna anayejua. Jirani yangu sokoni, muuza mafuta ya taa tunayemwita Mama Kibatari, ndiye ninayekula naye mchana kila siku. Ananiambia leo mchuzi umekolea, nami nasema eh, umekolea. Huyo ndiye rafiki niliyebaki naye tangu mama atutoke, na hata yeye namdanganya.

Naoga mara tatu kwa siku, kwa sababu sijijui ninanukaje. Sijawahi kumwambia mtu hili, Chovya.

Dada yako


8 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Umeniita Chovya. Tangu mama alipokuwa ananifukuza na mwiko kwa kuchovya kidole kwenye vyungu vyake, ni nyinyi wawili tu mliokuwa mkiniita hivyo, nami nilidhani jina hilo limezikwa.

Nililia kidogo, nikasingizia vitunguu. Mpishi mkuu akasema leo hatupiki vitunguu.

Sina la kukufundisha. Ila kidole hiki bado kipo na ulimi huu ulilelewa na michanganyiko yenu. Ukiwa na wasiwasi na kitu, nitumie. Nitaonja, nitakuambia. Nisingependa uwe peke yako tena katika jambo hili.

Mdogo wako, Chovya


30 Aprili

Chovya wangu,

Hujambo? Mimi leo nimeamka na furaha, na furaha yenyewe imenitia hofu.

Shule ya bweni iliyoko juu ya kilima imeniomba mchanganyiko wa viungo kilo arobaini. Ni watoto mia sita. Mpishi wao alionja wa kwangu kwa mtu akasema huo huo. Nikiweza hii nitakuwa ninawapelekea kila muhula, na sitakaa tena kibandani kuigiza kunusa mbele ya kila mpita njia.

Nimepima kila kitu, mara mbili. Lakini mizani inaniambia ni kiasi gani, hainiambii kama kitu ni kizuri. Gramu tano za giligilani iliyochacha ni gramu tano vile vile. Viungo nimevinunua kwa mtu mpya, na magunia yamekaa nyumbani kwangu pembeni ya jiko, sokoni hapana nafasi. Zamani ningefungua mdomo wa gunia nikajua.

Ndani ya barua kuna pakiti. Nimeweka vijiko vinne vya mfuto, gramu ishirini na nane, nimeupima mchanganyiko wenyewe na kijiko chake ni gramu saba. Zinatosha nyama kilo mbili. Pika, onja, uniambie. Usinibembeleze. Nitangoja jibu lako kabla ya kupeleka, na wanataka mzigo tarehe ishirini. Dereva wako wa maji mwambie akimbie.

Dada yako


9 Mei

Dada,

Shikamoo. Naandika haraka, dereva amewasha gari. Pakiti nimeipata, nimepika, tumekula. Iko sawa kabisa. Ni ile ile ya mama. Peleka mzigo.

Chovya


16 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sipo vizuri, na sijui nianzie wapi.

Mzigo umerudi. Siku ya kwanza tu mpishi wa shule alipotia viungo, sufuria zote zikanuka mafuta ya taa. Watoto mia sita walilala na mkate mkavu. Alinirudishia magunia mwenyewe, akayamwaga mbele ya kibanda changu sokoni, akaniambia nusa. Nami nikanusa, Chovya. Nikainama mbele ya watu wote, nikanusa, nikasema mbona vizuri tu. Halafu mmoja akacheka, na wote wakajua.

Hilo ningelimeza. Lakini nilikuwa na barua yako mkononi. Wewe ulionja na ukasema iko sawa, kwa hiyo nilijua viungo vilitoka nyumbani vikiwa safi. Basi mafuta yaliingia baadaye, usiku ule mmoja magunia yalipolala kibandani kungoja gari. Na jirani yangu anauza nini? Nikamgeukia Mama Kibatari. Nilimwambia yeye ndiye aliyemwaga, kwa wivu. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako. Nilisema mengi, siwezi kuyaandika hapa. Alifunika madumu yake akaenda nyumbani, na sasa anauza upande wa pili wa soko.

Nala peke yangu mchana. Sijui nala nini. Asante kwa kuwa ulinionjea. Angalau ninao ushahidi mmoja kwamba mimi sikukosea.

Dada yako


1 Julai

Dada yangu,

Shikamoo, ingawa sistahili kuitikiwa.

Mama Kibatari hana kosa. Pakiti yako ilikuwa inanuka mafuta ya taa.

Nilifungua bahasha na harufu ikanipiga usoni. Nikajiambia ni ya safarini, dereva hubeba kila kitu kwenye gari lile. Nikapika. Ikanuka kwenye nyama, ikanuka mdomoni. Nikajiambia tena ni ya safarini. Ningeweza kukuambia nimeisikia, nikakuacha wewe uamue. Lakini ulikuwa umeandika kwamba umeamka na furaha. Ulikuwa umeniita Chovya wangu. Niliogopa kwamba barua inayofuata itakuwa kama ile ya kwanza, kavu, isiyo na jina la Chovya. Nikaandika iko sawa kabisa kwa sababu nilitaka uendelee kunipenda, na dereva hakuwa amewasha gari. Alikuwa amelala kivulini.

Magunia yalikaa pembeni ya jiko lako, uliandika mwenyewe. Lazima dumu lako la mafuta lilikuwa linavuja.

Na kwa kuwa nimeshaanza, nimalize. Wakati wa mazishi ya mama nilikuambia nilinyimwa ruhusa. Sikuiomba. Nilikaa kitandani na simu mkononi, niliogopa kukuona ukilia na mimi sina la kufanya. Niliona uongo mdogo ni afadhali. Mimi ndivyo nilivyo, dada: nampa mtu kile anachotaka kusikia, halafu namwacha peke yake nacho.

Safari hii ruhusa nimeiomba. Wamenipa wiki mbili kuanzia mwisho wa mwezi. Usinijibu kama hutaki. Lakini tafadhali, soma barua hii mbele ya Mama Kibatari.

Mdogo wako


20 Julai

Mdogo wangu,

Nimeisoma mbele yake. Nilivuka soko nikiwa nimeishika, watu wananitazama, nikasimama mbele ya madumu yake nikasoma kwa sauti mpaka mwisho. Alinisikiliza. Akasema amesikia, Mungu atusamehe sote. Sikusogezewa kigoda. Nilirudi kwangu. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyeyamwaga.

Dumu nimelikagua. Linavuja chini, kwenye mshono. Nimetembea juu ya sakafu ile ya mafuta sijui miezi mingapi, na kila aliyeingia humu ndani alisikia, akanyamaza kwa adabu. Kumbe si wewe tu.

Nimekukasirikia, tena sana. Nilikukasirikia juu ya mama miaka minne na hasira ile nilikuwa nimeshaizoea, hii ni mpya. Ulikuwa mtu mmoja niliyemwambia. Nilikuomba usinibembeleze, ukanibembeleza, na sasa nakaa humu ndani nakagua kila kitu kwa macho kama mwizi kwenye nyumba ya watu. Mkate nautazama kama una ukungu. Maziwa nayatikisa.

Lakini sikukatazi kuja. Sitaki maneno ya kuomba radhi, umeshaandika yanatosha. Nataka kitu kimoja. Ukifika mlangoni, kabla ya shikamoo, kabla ya kuuliza kifua, niambie nyumba yangu inanukaje. Yote. Hata kama ni mimi ninayenuka.

Dada yako


4 Agosti, saa kumi alasiri, mlangoni kwako

Dada,

Nimefika, nimebisha, hupo. Mwenye nyumba wa chini anasema umeenda mashineni kusagisha na utarudi kabla jua halijazama. Naandika juu ya goti langu, nitaisukuma karatasi hii chini ya mlango, halafu nitakaa hapa hapa ngazini.

Nimeweka pua kwenye ufa wa mlango. Mafuta ya taa bado yapo, kidogo, yameingia kwenye mbao, hayo tutayasugua. Kuna unyevu, nadhani ukuta wa nyuma unavuja. Kuna sabuni ya kufulia, nyingi mno, kuliko nyumba ya mtu mmoja inavyohitaji. Wewe hunuki, dada. Khanga yako iko kwenye kamba hapa nje na nimeinusa mbele ya mwenye nyumba, ananiona mwendawazimu. Inanuka sabuni na jua. Acha kuoga mara tatu.

Lakini kuna sufuria humo ndani. Nafikiri ni maharage, na yamechacha, si ya leo wala ya jana. Nimemuuliza mwenye nyumba, amesema umekuwa ukila hayo hayo tangu juzi.

Usiyale. Ukinikuta nimesinzia hapa ngazini, niamshe kwanza.

Mdogo wako